Mpangaji wa Zamani

Jumatatu, 3 Juni

Vifaa vipya vya mama vya kusikilizia vimefika! Viwili, vidogo kama punje za maharage, vimelala kwenye boksi lao. Nimenawa mikono ndipo nikavigusa. Nikaviunganisha na kisanduku cha kurekebishia sauti – kisanduku kikajibu kwamba hakivitambui. Mimi ndiye fundi wa masikio wa kliniki hii, nusu ya mtaa wanasikia kwa mikono yangu, halafu mama yangu mzazi ndiye anayekataliwa mlangoni.

Nimesoma maelezo mpaka macho yakauma. Kisanduku lazima kiboreshwe kwanza ndipo kivitambue vifaa vya aina hii. Programu ya kukiboresha tunayo, iko kwenye sidii ambayo watengenezaji waliitoa kabla hawajafunga duka. Lakini haikubali mfumo wa kompyuta yetu. Inautaka ule wa miaka ya nyuma, uliokuwa kwenye kompyuta iliyokufa. Na iliyokufa iko stoo, imekaliwa na ndoo.

Nimemweleza wifi. Mke wa kaka yangu huyu, ndiye yuko mapokezi hapa, na nyumbani ndiye anaishi na mama. Kwa kawaida hucheka kwanza, maneno baadaye. Leo hakucheka. Amesema sauti imemkauka. Akimwambia mama chai iko tayari, majirani nao wanakuja kunywa.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu kuidanganya ile programu kwa kila njia ninayoijua. Haidanganyiki.

Njia imebaki moja: kuuweka mfumo wa zamani ndani ya kompyuta hiihii, ukae kando ya huu mpya. Nimempigia Daktari, mwenye kliniki, yuko safarini. Ameuliza mara mbili kama hakuna njia nyingine. Kisha akasema sawa, lakini ninakili taarifa za wagonjwa wote kwanza, na akirudi asiukute humo. Mfumo usio na kinga hautalala kwake, ndivyo alivyosema.

Nimenakili zote kwenye diski ya pembeni. Nimehakiki faili kwa faili. Moyo umetulia kidogo.

Wifi aliuliza hivyo mifumo miwili itaishije kwenye mashine moja. Nikamwambia chukulia diski ni nyumba. Tunamega chumba, tunaingiza mpangaji. Akasema aisee, mpangaji gani anaingia nyumba mpya na virago vyake vyote vya kale. Tukacheka. Tangu hapo neno letu ni hilo, wapangaji.

Mama hajatoka nje tangu siku ya pikipiki. Ilimpigia honi na honi, hakusikia, dereva akaamua kuanguka yeye. Mama akamwinua, akamwomba radhi. Siku hizi anakaa chumbani na redio imezimwa. Zamani ilikuwa haizimwi hiyo redio.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi nimempima mama upya. Kile chumba kisichopitisha sauti, visikizio, kitufe mkononi. Akisikia mlio, anabonyeza. Amekaa wima kama yuko kwenye usaili. Katikati aliniuliza tumeshaanza au bado. Milio ilikuwa inapita kitambo. Nilijifanya natengeneza waya, nikafuta macho.

Alipotoka alinirudishia kitufe. Hiki sikibonyezi tena, akasema, kinaniambia mambo ninayoyajua. Atarudi Ijumaa kuvalishwa, mara moja tu. Vikigoma, tumwache na kimya chake, wala tusimbembeleze. Mama akisema wala, ndiyo imetoka hiyo.

Nimehifadhi vipimo vyake. Kisha kazi.

Kumega chumba kulikwenda vizuri. Wifi alisimama nyuma yangu, ananiuliza kila ninapobonyeza, nami namweleza kwa raha zangu – hapa unapunguza, hapa unafuta, hapa unakipa jina. Nikaanza kuuweka mfumo wa zamani. Swali la kwanza tu, kibodi ikafa. Kumbe mfumo ule hauyajui matundu ya siku hizi. Nikaingia stoo, nikatoa ndoo, nikachomoa kibodi ya marehemu, ile ya plagi ya duara. Bahati tundu lake bado lipo nyuma ya kompyuta. Ikakubali.

Nikamaliza. Nikawasha upya. Ukaja mfumo wa zamani peke yake.

Nikazima, nikawasha. Huohuo. Mfumo mpya haupo, na taarifa zote, na programu ya kurekebishia. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja. Mpangaji ameingia akabadilisha kufuli ya mlango mkubwa, mwenye nyumba amefungiwa ndani! Wifi alileta maji, sikunywa. Nilitafuta sidii ya ukarabati kwenye kila droo. Niliipata chini ya kalenda. Mashine ikafikiria, ikafikiria – kisha skrini nyeusi, mistari miwili, chagua unayemtaka. Nikachagua mpya. Ukafunguka. Taarifa zote zipo.

Ndipo nikanywa maji.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ndiyo siku ya kisanduku. Maelezo yanasema kikianza kuboreshwa kisikatizwe. Kikikatizwa kimekufa, hakuna wa kukifufua.

Nikafungua upande wa zamani, nikaufundisha matundu, ukayajua. Sidii ndani. Programu iliyonigomea siku zote hizi ikafunguka kama si yenyewe. Nikabonyeza. Taa ya kisanduku ikawa nyekundu. Nikamweka wifi mlangoni asiruhusu mtu aguse swichi yoyote, hata feni. Mzee mmoja alitaka kuchaji simu. Wifi akamwambia hapa ndani kuna operesheni.

Ikafika mwisho, ikasimama. Nyekundu. Bado nyekundu. Nilikuwa nimeanza kuongea nayo.

Kijani.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini sakafuni.

Sikuugusa tena ule mfumo, niliiacha kompyuta ilivyo na kufunga mlango kwa funguo. Kesho mama.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika ofisini. Mikono inahitaji kitu cha kufanya.

Asubuhi nilikwenda kumchukua mama, maana barabara haivuki peke yake. Tukiwa njiani Daktari akapiga. Amewahisha safari, atapita jioni, na je, mfumo ule umeshaondoka? Nikasema unaondoka sasa hivi. Nikampigia wifi. Mkono mmoja nimemshika mama, mwingine simu, magari yanapita. Nikamwambia: "Wifi, nisaidie, mwondoe yule mpangaji wa zamani. Futa chumba chake kama nilivyokuonyesha."

"Wa zamani?"

"Ndiyo, wa zamani. Fanya haraka."

Tumefika. Nimemkalisha mama, nimemvalisha vifaa, vimemkaa kama vimezaliwa naye. Vitupu, havijui bado vipeleke sauti gani, lakini vimemkaa. Nikageukia kompyuta.

Upande wa zamani upo. Umefunguka, unang'aa. Kando yake ni nafasi tupu.

Nilimuuliza wifi amefanya nini. Akasema alichoambiwa. Mpangaji wa zamani si yule aliyekuwepo tangu mwanzo? Huyu mwingine kaja juzi, ndiye mpya. Hata mashine yenyewe ilimsaidia, anasema, kwa sababu chumba kimoja kiligoma kufutwa, kingine kikakubali mara moja.

Lazima kigome. Kompyuta ilikuwa imewashwa humohumo, sasa itajifutaje yenyewe. Nami ndiye niliyeiacha hivyo jana. Na neno ni langu. Mpangaji wa zamani ni aliyetangulia kuingia, mtu yeyote mwenye akili zake angeelewa hivyo. Ni mimi niliyekuwa nahesabu umri.

Wagonjwa wote wako kwenye diski ya pembeni. Wote niliwanakili Jumanne. Mama nilimpima Jumatano.

Nimepata programu ya kutafuta vyumba vilivyofutwa. Inasema huenda kuta bado zipo, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa juu yake. Huenda! Inatafuta. Mstari unasogea, unasimama, unasogea. Wifi amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Nilimshika bega nikamwambia kosa si lake. Hajaniamini.

Nikamgeukia mama, nikamwambia kwa mdomo mpana, polepole: "Bado kidogo tu, mama." Nikatabasamu.

Mama hasikii, lakini uso wangu alianza kuusoma kabla sijajua kusema. Akanitazama. Akamtazama wifi. Akaitazama kompyuta.

"Vimepotea vile vipimo," akasema. Hakuuliza.

Akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kitufe."

Nimempa. Ningemnyimaje? Na sijaweza kumwambia kwamba programu ya milio nayo ilikuwa kwenye chumba hichohicho. Ameingia mwenyewe kwenye kile chumba cha kupimia, amejivalisha visikizio, amekaa wima. Namwona kupitia kioo. Dole gumba liko juu ya kitufe, macho ameyafumba ili asikie vizuri.

Mstari haujafika nusu. Hakuna mlio wowote unaopigwa humo ndani, na yeye anadhani ni masikio yake.