Mshika Taa Anataka Kula kwa Karata

Baraka, mwezi wa tano 1957

Mpendwa mshauri Mama Zubeda,

Pokea salamu zangu, na naomba msaada wako upesi kwa sababu mwenye mtumbwi wetu amenipa muda mpaka giza la mwezi wa saba nimpe jibu, na jibu lenyewe sinalo. Naitwa Casimir, mtu wa Fizi, kule juu milimani, nilisoma kwa mapadri miaka sita, nikaoa, nikashuka Baraka na mke wangu Marthe kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ni ya kushika taa katika mtumbwi wa Bwana Assumani, maana yake wenzangu watatu wanapiga makasia na kuvuta wavu, na mimi naangalia karabai isizimike mpaka samaki wadogo wa ndagala wapande kwenye mwanga, na huu ni mwaka wa pili, ingawa kabla ya hapo ziwa nilikuwa nalitazama kutoka mlimani tu.

Unajua kwamba mbalamwezi ikitoka taa haina kazi, ndagala hawaifuati, basi kwa siku kumi hivi mitumbwi inakaa mchangani, asubuhi tunashona nyavu na mchana tunacheza karata, na mchezo wetu ni poka, ambao tulifundishwa na Bonaventure, mwosha sahani wa meli inayopita hapa kwenda Albertville, naye aliujua kwa kuwachungulia Wazungu wakicheza. Kila mtu anapewa karata tano, anazificha, anaweka faranga zake katikati, na anayeogopa anatupa karata chini na kuacha alichokiweka, kwa hiyo hata mwenye karata mbovu anaweza kushinda kama uso wake haumsaliti.

Mama, uso wangu haunisaliti. Nimeshinda karibu kila mbalamwezi tangu nianze, mpaka Marthe amepata cherehani, na mwezi uliopita nilikuwa na karata za ovyo kabisa, nikaongeza faranga nikamtazama Mashaka machoni, na Mashaka ndiye hodari wa mtumbwi wetu, naye akatikisa kichwa akatupa zake, na alipoinuka kwenda kunywa maji nikazifunua kidogo nikaona wafalme watatu, yaani mtu ameacha wafalme watatu kwa kuuogopa uso wangu. Tangu siku hiyo swali moja halinitoki kichwani. Seremala anajulikana kwa mlango unaofunga, dereva ana karatasi yake mfukoni, lakini mcheza karata anajuaje kwamba amefika, na cheti anapewa na nani? Nimejaribu kujipima mwenyewe, nimekaa mbele ya kioo na karata nzuri kisha na karata mbaya nione kama nyusi zinacheza, nimejifunza kupumua polepole, na bado sijui.

Bonaventure anasema niache taa niende naye Albertville, huko makarani na wafanyabiashara wanacheza kila Jumamosi, yeye atanitafutia meza na tutagawana. Nilipomwambia Bwana Assumani, alisema: "We Casimir, mi sikukatazi. Lakini giza ya mwezi wa saba ikifika, uniambie kama unashika taa ao mi natafuta muntu mwingine. Mutumbwi haiwezi kungoja." Hakuwa na hasira hata kidogo, alionekana mwenye huzuni, na sikuelewa kwa nini, maana washika taa wapo wengi.

Sitakuficha kitu. Mbalamwezi moja nilishindwa, na nilishindwa vibaya hata koti la harusi likaondoka, ni ile niliyougua jicho tukakubaliana kwamba giza litakalofuata taa atashika Mashaka, nami nadhani kwa jicho moja nilikuwa sizioni vizuri nyuso za watu. Tena yuko Marthe, ambaye alijifunza kwa kunitazama tu, Jumapili tunacheza kwa maharage naye ananishinda kila mara, ananiambia: "Kama we iko fundi, juu ya nini mi napika maharage yako?" Lakini maharage si faranga, hakuna anayeyaogopa.

Nakuomba usinihubirie kuhusu kamari, padri amekwisha kunihubiria na Bwana Assumani naye kwa upande wa dini yake. Nataka kujua jambo moja tu, niko tayari au siko tayari?

Mimi Casimir, mshika taa

---

Mwanangu Casimir,

Kamari ni haramu. Nimesema mara moja, sasa tuendelee.

Majina yote nimeyabadilisha, na mitumbwi ya Baraka ni mingi, kwa hiyo gazeti hili likifika huko usitoke jasho. Barua yako nimeisoma mara tatu. Wengi huniuliza watapataje pesa. Wewe umeuliza mtu anajuaje kwamba anajua, na swali hilo lilinipeleka mpaka kwa jirani yangu Eugène, fundi nguo hapa Usumbura, ambaye alikula kwa karata miaka minne kabla ya kurudi kwenye cherehani. Nikamuuliza alijuaje kwamba yuko tayari. Akasema, "Sikujua, Mama. Niliangalia tu nani mi namushinda, na kama ule muntu alikuwa anataka kushinda ao hapana."

Nikarudi kwenye barua yako na maneno hayo, na hapo nikacheka peke yangu, kisha nikakuonea huruma.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kazimia. Wakati wa baba yangu hakukuwa na karabai. Mtu mmoja alisimama mbele ya mtumbwi na mwenge wa matete, na mtu huyo hakunyimwa kitu nchi kavu. Akitaka kichwa cha samaki, alipewa. Akitaka kivuli, watu walisogea. Walisema mshika moto akiingia ziwani na kinyongo, ndagala wanakinusa wanazama. Nimemwona baba yangu, aliyeogopwa kwenye bao Kazimia nzima, akifungwa na kijana mshika moto asiyejua hata kuhesabu kete, halafu anarudi nyumbani akiimba. Yule kijana hakuambiwa, kwa sababu ukimwambia umeharibu. Wewe umetoka mlimani, nani angekuambia?

Sasa tuje kwa Mashaka. Wafalme watatu hawaogopi uso wa mtu, Casimir. Mashaka aliwatupa kwa sababu giza lilikuwa linakuja na wewe ndiye mwenye taa. Na ile mbalamwezi ya jicho, usilisingizie jicho. Taa ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, basi wenzako wakacheza wanavyojua kucheza, na koti likaenda. Marthe yeye hapandi mtumbwini wala hana haja na ndagala wako, ndiyo maana unakula maharage kwa hisani yake.

Huenda nakosea, kwa kuwa niko mbali na sikuwaona. Kwa hiyo usiniamini, jaribu. Mbalamwezi ijayo, kabla karata hazijagawiwa, mwambie Bwana Assumani mbele ya wote kwamba giza litakalofuata ungependa Mashaka ashike taa, giza moja tu. Useme ukiwa mzima, macho yote mawili. Kisha kaa ucheze siku zote kumi, na uweke pale kile tu ambacho Marthe hatakililia. Cherehani isiguswe. Ukishinda siku hizo kumi, panda meli uende, na mimi nitanyamaza ingawa roho itaniuma. Ndicho cheti unachokitafuta, na watakaokupa ni watu watatu wasiokuhitaji kwa lolote.

Huyo Bonaventure naye muulize swali moja dogo. Kama Albertville faranga zinaokotwa mezani, mbona yeye bado anaosha sahani? Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wenyewe hapa ni wa mtu asiye na mkeka.

Ukishindwa, na nadhani utashindwa, utaona aibu, kisha utakasirika, utataka kuwauliza kwa nini walikudanganya. Usiwaulize. Fikiri kwanza ni kazi gani hiyo, watu wenye watoto kukaa jua la mchana mwezi hata mwezi wakitupa karata nzuri, ili mgeni kutoka Fizi aingie ziwani akiwa na furaha. Huzuni uliyoiona kwa Bwana Assumani ilikuwa ni hiyo. Washika taa wapo wengi, kweli, lakini wewe wamekwisha kukugharamia.

Basi nakuagiza. Giza la mwezi wa saba likifika, shika taa yako. Chumvi na sukari zianze kufika majumbani mwa wenzako kidogo kidogo kutoka kwa Marthe, bila maelezo. Na mbalamwezi itakayofuata, wakikuita mchangani, nenda. Mashaka atakutazama, atatikisa kichwa, atatupa karata zake chini. Hapo ndipo utakapojua kama uso wako kweli haukusaliti: cheka, okota faranga, na ujifanye hujui.

Mama Zubeda