Nilivyokuwa Bubu Mbele ya Kaaya

Ngarenaro, Arusha

Mke wangu Mama Tumaini,

Kwanza niambie kuhusu kifua chako. Baridi ya Njombe haina huruma, na mama aliniambia bado unakohoa usiku. Viazi mmeshavuna? Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki nimeona niyaandike, maana kwenye simu ungeisikia sauti yangu.

Usifunge mizigo. Usimamizi wa ghala la maua nimeukosa, na ile nyumba ya Moshono wanayopewa wasimamizi amepewa mwingine.

Unakumbuka nilikueleza kwamba wenye shamba wapya wanataka kila msimamizi afanyiwe usaili kwa Kiingereza. Nilibisha. Niliwauliza mkutanoni, maua yanaelewa lugha gani? Watu walicheka, sharti likabaki palepale. Basi nikaanza masomo ya mtandaoni kwenye intaneti kafe ya Mangi, hapa jirani. Navaa hedifoni, mwalimu yuko kwao Ulaya, tunazungumza. Na nilizungumza, mke wangu! Nilibishana naye juu ya bei ya kahawa na viwanda vyetu vilivyouzwa, mpaka akaniomba turudi kwenye somo. Vitabu vya Kiingereza nimevisoma tangu ujana, maneno ninayo.

Kisha Watanzania wawili wakaingia darasani mwetu. Siku hiyohiyo nikawa bubu. Nao wakiulizwa, kimya. Mwalimu akadhani mawasiliano yamekatika. Mangi akanigusa bega.

"Mzee, mtandao uko safi. Wewe ndiye umekatika."

Mzungu akiharibu Kiswahili tunampigia makofi, eti anajitahidi. Sisi kwa sisi, kosa moja la Kiingereza linakuwa jina lako la utani hadi kaburini. Nani alitufundisha kuviziana midomo? Ni madarasa yetu, ambamo mtoto akikosea wenzake wanaachiwa wamcheke, na mwalimu naye anacheka. Kompyuta haikuuleta woga huo. Imeuvutia waya tu, ufike mbali.

Siku ya usaili bosi alikuwa kwenye skrini, huko mbali. Tulikwenda vizuri, anaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Ndipo akaingia Kaaya, jirani yangu ninayecheza naye bao, ambaye sasa ni ofisa utumishi. Akaketi, akaniuliza kwa Kiingereza: maua yakichelewa kufika uwanja wa ndege, utafanya nini? Swali jepesi! Kazi hiyo naifanya kila wiki. Jibu nililiona lote, halikutoka.

"Kaaya," nikamwambia, "niulize kwa Kiswahili."

Akaitazama skrini, akarudia kwa Kiingereza, sauti ikimtetemeka.

Alinifuata nje. "Kaka, nisamehe. Nilipokukuta pale nilimwomba Mungu usije ukanisahihisha mbele ya bosi."

"Mimi?"

"Wewe na vitabu vyako. Nani hapa asiyekuogopa?"

Basi, tumeogopana, na nyumba imekwenda.

Hilo ningelimeza. Lakini juzi kwenye mkutano wa wafanyakazi walisoma masharti mapya: kazi za siku za mapumziko bila malipo ya ziada. Nilisimama kupinga, kwa Kiswahili changu, mimi unayenijua. Nikajikuta napanga maneno kichwani, natazama nani atacheka. Watu wakangoja. Nikaketi. Mwenyekiti akatangaza kwamba hakuna pingamizi.

Sijui nitasimama tena lini. Hata kwa Mangi siendi.

Mpe mama shikamoo yangu, na shangazi anayekuchemshia dawa. Mdogo wangu, fundi baiskeli, mwambie aendelee kuezeka jiko, kwa kuwa mtakaa hapohapo. Na Tumaini, jioni akikusomea kitabu chake cha Kiingereza, akakosea, msicheke. Nawaomba, asicheke mtu.

Wako anayekukumbuka,
Baba Tumaini