Chumvi ya mutu mumoja

Mujukuu wangu Kambale,

Kule Goma munaamuka aje? Huku Butembo tuko, na mbuzi yako imezala mapacha. Unauliza monopole ni kitu gani, juu professeur wenu haeleweke.

Wakati wa vita, commandant alimupa papa mumoja, mufanyabiashara wa hapa, ruhusa ya kuuza chumvi yeye peke yake. Bei ikapanda, kisha akaanza kuichanganya na muchanga. Njo sisi bamama tukaleta ya Kasindi, kule mupaka na Uganda, tumeificha ndani ya bunga ya muhogo, na ku barrière, pale basoda banafunga barabara, tunasali kimya. Client wangu wa kwanza alikuwa Kahindo, bibi ya ndoa ya ule papa mwenyewe! "Mama, nipe yenye haina muchanga. Kwetu meno inavunjika."

Siku ya ubatizo wa mutoto wao tulikula kwa ule papa. Akaonja sombe, ile majani ya muhogo yenye Kahindo alipika, akasimama. "Munasemaka chumvi yangu iko na muchanga. Haya, muchanga iko wapi?"

Bamama wote tukaangalia sahani. Kahindo akajibu: "Kweli papa, hakuna."

Kesho yake papa akapandisha bei tena, na baclient wetu bakaongezeka. Na sisi, mujukuu, tukamuombea maisha marefu.

Koko yako, Masika