Kikohozi cha Mama Mkwe

Jumapili, Aprili

Matope ya bwawa bado yako miguuni. Sijanawa.

Mzungu wa ofisini alituazima mtumbwi wake, mimi na karani mwenzangu Petro. Tulipiga kasia, tukapanda mawe, tukachoma perege. Nilicheka kama mtu asiye na mke mgonjwa huko Usoke kwa mama yake.

Nikatangulia kurudi, Petro akabaki anaogelea. Njiani nikamwona mama mkwe anakuja, peke yake. Nikafanya nilivyofunzwa tangu nipose: nikaacha njia, nikaingia majanini, nikageuza uso. Akasimama. Akakohoa mara mbili. Nikazidi kuinama mpaka vishindo vyake vikapotea, akirudi alikotoka.

Mtu na mama mkwe wake hawasemezani ila kwa kinywa cha mtu wa tatu, na mtu wa tatu hapakuwa.

Nyumbani jirani yangu, Mama Sauda, akaniuliza, "Mkweo mmeonana? Alishuka na treni ya mchana, nikamwelekeza bwawani. Anna amezidiwa, anakuita."

Treni ya Usoke imekwisha kuondoka, na mama yumo. Nyingine ni kesho, kama Anna…

Mimi nilimpa mama heshima yake, naye akanipa yangu. Anna hakupewa kitu.