Tanuri Lisifunguliwe

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha.

Tanuri la vioo lisifunguliwe na mtu yeyote mpaka kipimo cha joto kishuke chini ya arobaini. Nikisema mtu yeyote, namaanisha wewe. Mwaka juzi ulifunua "kidogo tu" umwoneshe jirani, kazi yangu ikapasuka. Ulidhani nimesahau?

Asubuhi nimemulika kurunzi kwenye kile kitundu cha tanuri: picha yangu ya vioo ni nzima! Mara tatu ilinipasukia kwa sababu nilichanganya kioo cha dirisha na cha chupa, kumbe vikipoa havisinyai sawa. Safari hii nimetumia kioo cha chupa peke yake, na naipoza polepole, leo siku ya pili. Sikufundishwa na mtu. Nimefundishwa na vipande vilivyonikata vidole.

Nimeenda kuwaita wale wakubwa wa jumba la sanaa, waliosema mkata vioo vya madirisha asiye na cheti hawezi kuitwa msanii. Waje waone wenyewe.

Wakitangulia kufika na tanuri bado lina moto, ~~waambie warudi kesho~~ wape viti, wangoje. Mimi walinisimamisha mlangoni kwao miaka sita, na kiti sikupewa.

Mama watoto