Mama Yako Amejifunika Uso

Kitale,
Jumapili mchana

Mke wangu mpenzi, Mama Wafula,

Salamu nyingi kutoka huku mahindini. Mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii. Naandika mstari mmoja, nasimama, nikirudi nimesahau nilichotaka kusema. Je, kikohozi kimemwacha Wafula? Na mgongo wako? Barua hii usimpelekee mwalimu wa kanisa akusomee. Soma mwenyewe, polepole, kwa maana ni habari za mama yako.

Nilipokuandikia kwamba polisi wamemwokota njiani pale Ndalu na ugali aliofunga kwa jani la mgomba, ati anampelekea kaka yako Wekesa aliyekwenda vitani asirudi, wakamleta hapa hospitalini kwetu, sikukueleza kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimemwona. Nilimkwepa. Ni mama mkwe wangu. Ningemtazamaje amelala kitandani? Nilikuwa nikipitia mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Nawe ukanijibu kwamba amewachosha huko kwenu, wampeleke tu Nairobi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Sikukulaumu. Hata nilishukuru, Mungu anisamehe.

Jana daktari Mzungu akaniita. Unajua kati ya manesi wa hapa ni mimi peke yangu niliyepelekwa Nairobi miezi sita kujifunza kuwauguza wagonjwa hao. Zamani akiletwa mmoja, nilikuwa wa kwanza kuita askari na wa kwanza kutafuta kamba. Kule tulifundishwa kukaa chini, kumwita mtu kwa jina lake, na kungoja. Nilirudi kifua mbele, ukanicheka kwamba natembea kama chifu.

Daktari akasema, "Wewe umefundishwa. Njoo umwone huyu. Siku tano hasemi, hataki kula, hajui mtu. Ijumaa atapanda treni ya Nairobi."

Mama anayefagia wodi, mtu wa Malakisi, akaongeza, "Huyu amepotea kabisa, bana. Mimi ananiangalia tu kama ukuta."

Nikaingia. Mama yako alikuwa ameketi, macho yakiwa mbali. Nikamsalimu kwa lugha yetu kabla sijafika kitandani. Akageuka upande, akavuta shuka, akajifunika uso wote.

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Mke wangu, miaka yote hii mbele yake nimekuwa mtu wa "ndiyo bwana". Jana mdomo ulifunguka. Nikasema, "Hapana, bwana. Huyu akili anayo. Mimi ni mume wa binti yake, na kwetu mama mkwe hamwonyeshi mkwe uso wake. Amenijua kwa sauti tu." Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akafuta alichoandika, akanipa mpaka Ijumaa nihakikishe anakula.

Taabu ikaanzia hapo. Niliweka pazia, nikakaa upande wa pili nimempa mgongo, nikangoja kama nilivyofundishwa. Baada ya muda mrefu akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kila siku nakusikia hapo nje. Nitawezaje kula mkwe wangu yupo?"

Sisemi amepona. Bado anamwona Wekesa mlangoni. Lakini hiyo njaa ni mimi ninayemtia, na mwingine aliyefundishwa kumuuguza hayupo. Anahitaji mtu wake wa kukaa naye, amlishe, amsikilize habari za Wekesa bila kumfokea. Mimi nitakueleza la kufanya nikiwa nyuma ya pazia.

Anayekuletea barua hii ni mfanyabiashara wa tumbaku. Jumanne asubuhi lori lake litarudi huku, na amekubali kukupakia. Mwachie mama yangu mtoto. Msalimu yeye, na baba, na dada yangu mdogo aliye shuleni, umwambie kalamu aliyonitumia nimeipata. Jirani yetu fundi cherehani naye mpe salamu, ila habari hizi usimpe.

Najua mmechoka naye, nami sikulazimishi kusahau yaliyopita. Ila usipofika, Ijumaa ni mimi nitakayeamriwa kumshika mama yako mkono, mbele za watu, mpaka ndani ya behewa. Kumwambia daktari hapana nimeweza mara moja. Mara ya pili sijui. Njoo.

Mumeo asiyekaa akatulia,
Barasa