Matofali Niliyosema Yaanikwe

Northland, Columbus
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Zakaria,

Nakusalimu kwa upendo. Mgongo wa Mama unaendeleaje, na mtoto amepona kikohozi? Sisi huku ni wazima, ila mimi situlii. Shemeji yako anasema tangu Ijumaa nazunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nitaipiga picha nikutumie. Ukiongea na simu unaweka spika, na sitaki Mama asikie haya kabla yako.

Ijumaa kazini, wakati wa chakula, nilimwonyesha Baba Furaha picha ya nyumba ya Mama. Huyu ni mzee wa Kikongo tunayepanga naye maboksi ghalani. Kwao Uvira alikuwa fundi mwashi. Akasifu kuta zilivyonyooka, akasifu na nafasi tulizoacha za madirisha. Kisha akaikuza picha kwa vidole, akaniuliza lile rundo la matofali nyuma ya ukuta mbona liko juani. Nikamweleza kwa kujidai kwamba ni udongo uliochanganywa na saruji, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, na kwamba tuliyaanika siku nne tu yakawa makavu kabisa.

Akaacha kula.

"Bon, mudogo yangu," akasema, "sima inakunywa maji siku mingi ndio inakuwa jiwe. Mulimunyima maji. Donc iyo nyumba, mvua ya kwanza itaikunywa kama chai."

Sima kwao ndiyo saruji. Wenzetu mezani wakacheka. Mimi nilicheka pia, halafu chakula kikanishinda.

Nilipofika nyumbani nilifungua shajara yangu. Nakunakilia nilivyoandika wiki mliyofyatua: "Zakaria ameuliza kama ayaweke kivulini, ayafunike nailoni na kuyamwagia maji wiki tatu, kama alivyosema mwenye mashine. Nimemkatalia. Ayaanike kama Baba alivyofanya kambini."

Wewe uliuliza, mimi nikakukatalia. Unakumbuka kule kambi ya wakimbizi, Baba alivyokuwa akitugeuzisha matofali juani asubuhi na jioni? Yale yalikuwa udongo mtupu, jua ndilo lililokuwa dawa yake. Na hata hivyo kila masika tulikuwa tunakandika ukuta upya. Nilisahau hilo la pili. Saruji ni kitu kingine, inakomaa kwa unyevu, nami nikaipangia kazi nikiwa mbali huku Marekani.

Tangu Louisville hadi hapa tumehama nyumba za kupanga mara nne, na sasa shemeji yako anataka twende Buffalo kwa dada yake. Sikatai, lakini nataka nyumba moja iliyo yetu isimame mahali pamoja. Na Mama amekwisha kufunga mikeka yake, anataka kuingia kabla ya mvua.

Fanya hivi. Chagua matofali matatu katika rundo lile, uyatumbukize kwenye ndoo ya maji mpaka kesho yake. Yatoe, ukwangue kwa msumari. Msumari ukiacha alama ndogo tu, endelea kujenga, uniite mwoga. Yakimomonyoka, simamisha mafundi. Usiwakubali wakikwambia watapiga lipu juu kuficha. Ukuta umefika madirishani tu. Heri tuubomoe sisi kuliko umwangukie Mama usingizini. Saruji ya kurudia ni juu yangu.

Ikifika huko, kaa na Mama umsomee barua hii yote, na pale penye shajara soma mara mbili, asije akadhani kosa ni lako.

Nisalimie mke wako, na baba mdogo aliyetupatia kiwanja, na dada yetu mkubwa anayewapikia mafundi. Mwenye mashine mwombe radhi kwa niaba yangu: alitwambia kweli, nikasema anatuchelewesha.

Nimeacha mstari mmoja mtupu katika shajara, wa jibu la ndoo. Lolote litakalokuwa, nitaliandika.

Kaka yako,
Onesmo